Wanaogonga mlango tuwaache, wa kwenye basi ndo tuongee

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Kimara aliyeandika juzi kwamba watu wa dini wanaogonga milango na kuhubiri kwenye vyombo vya usafiri wapigwe marufuku, maana eti wanadharau imani za wenzao na wanatuona sisi wote wajinga. Nusu ya barua yake nakubaliana nayo kabisa, nusu ingine sikubaliani nayo hata kidogo, na naona ameuliza swali zuri sana alafu akalijibu kwa hasira. Swali lake lilikuwa hivi, mtu hanijui, simjui, hatujawahi kula pamoja, anataka nini kwangu mpaka aache shughuli zake aje kunisimulia Mungu wake saa nne asubuhi?

Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, fremu yangu imetazama barabara, mlango uko wazi kutwa nzima na fundi huwezi kuinuka ukakimbia wakati suruali ya mteja iko nusu kwenye mashine. Kwa hiyo nadhani Temeke nzima hakuna mtu rahisi kuhubiriwa kama mimi. Wanakuja Mashahidi wa Yehova wawili wawili na mikoba yao, wametulia kama wanaenda ofisini. Wanakuja walokole na vipeperushi vya mkutano wa injili, wao wana sauti na wanataka wakuombee papo hapo, mkono kichwani. Wanakuja ndugu zangu wa Tabligh baada ya Alasiri, kanzu fupi, vilemba, mmoja anaongea wengine wanaleta dhikri kimyakimya. Mimi Muislamu, mama yangu mzazi Mkatoliki wa Tabora na hajabadilika mpaka leo, kwa hiyo hakuna anayepita hapa ambaye hana cha kuniambia. Na mimi ni mtu wa kuuliza maswali, huku nakanyaga cherehani.

Sasa nimwambie msomaji wa Kimara kitu cha kwanza, hao watu wa Tabligh amewaweka kundi moja na wengine lakini hawaji kumsilimisha mtu. Hawamtafuti Mkristo. Wanamtafuta Muislamu mwenzao ambaye swala imemshinda, yani watu kama baadhi ya majirani zangu ambao sitawataja. Jamaa hawa walianzia Mewat kule India kwenye miaka ya 1920, mwanzilishi wao Maulana Muhammad Ilyas, na utaratibu wao mpaka leo ni mtu kujitolea muda wake, siku 3, au siku 40, au miezi 4, anatoka na wenzake wanalala msikitini, wanapika wenyewe, nauli mfukoni kwake, wanazunguka mitaa wanawaita watu waje msikitini kusikiliza bayani, yani mawaidha, baada ya Magharibi. Wanalipwa nini? Hakuna. Mjomba wangu alitoka siku 40 akamwachia mtoto wake duka, akarudi duka limepungua kidogo na yeye amenona roho.

Kwa nini basi? Jibu la kwanza ni jepesi na wote wanakupa hilohilo, wameamriwa. Mkristo atakutolea Mathayo 28, enendeni mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Muislamu atakwambia Mtume alisema fikisheni kutoka kwangu japo aya moja, na atakuongezea ile aliyomwambia Ali pale Khaybar kwamba Mungu kumuongoza mtu mmoja kupitia kwako ni bora kuliko ngamia wekundu, na ngamia mwekundu zama zile ilikuwa ndo mali ya mali. Lakini amri zipo nyingi kwenye dini na watu wanaziruka kila siku bila wasiwasi, amri ya kutosengenya mbona haiwatoi watu majumbani wawili wawili na mikoba. Kuna kitu cha zaidi.

Mama mmoja Shahidi, mtu mzima, anakuja hapa mara kwa mara na nguo za wajukuu napunguza, yeye ndo alinifungua macho. Nikamuuliza, mama yangu, umeshanipa Mnara wa Mlinzi na Amkeni mpaka nimekosa pa kuweka, umeniona nakuja Jumba la Ufalme mnakosali? Akacheka. Akanifungulia Ezekieli sura ya 3, pale Mungu anamwambia nabii amemuweka kuwa mlinzi, na asipomuonya mtu mwovu yule mwovu atakufa kwa uovu wake, "lakini damu yake nitaitaka mkononi mwako". Akasema baba, mimi nikishakwambia nimemaliza deni langu, la kwako ni lako.

Hapo ndo nikaelewa kwamba hawa watu hesabu zao sio hizi tunazodhani sisi. Sisi tunadhani mhubiri ni kama wakala wa laini za simu, anatakiwa asajili watu, akikosa siku imeharibika. Wao wanahesabu kingine. Tabligh wanahesabu siku ulizotoka. Wamormoni, wale vijana wa shati jeupe na kibao cha jina kifuani ambao unawaona siku hizi Dar na Nairobi, wao kijana wa kiume anatoa miaka 2 na wa kike miezi 18, kwa gharama zake au za familia yake, na akirudi kwao heshima anayopewa ni ya kumaliza muda wake, hata kama hajabatiza mtu. Na Mashahidi kwa miaka mingi mno walikuwa kila mwezi wanajaza ripoti ya masaa waliyohubiri, mpaka mwishoni mwa 2023 ndo wakaliondoa hilo kwa mhubiri wa kawaida, sasa anaweka alama tu kwamba alishiriki, ila mapainia, wale waliojitolea kuhubiri muda mwingi zaidi, bado wanahesabu. Kila mahali kinachopimwa ni jasho la anayehubiri. Anayehubiriwa anakuja nyuma.

Na ni bora hivyo maana wangepima kwa faida wangekuwa wameshafunga zamani. Chukua ripoti yao wenyewe Mashahidi ya mwaka 2019, dunia nzima walihubiri zaidi ya masaa bilioni 2, na waliobatizwa mwaka huo ni laki 3 na ushee. Nimepiga hesabu kwa simu nikarudia, ni kama masaa 6,900 kwa kila mtu mmoja aliyeingia majini. Mimi nikikaa kwenye cherehani masaa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka miwili na nusu nashona alafu natoa suruali moja! Na humo kwenye hao laki 3 toa watoto waliozaliwa humohumo kwa wazazi Mashahidi, ambao hawakugongewa mlango na mtu.

Kulikuwa na mtaalamu wa Marekani wa elimu ya jamii, Rodney Stark, miaka ya 1970 alipata takwimu za Wamormoni wenyewe za jimbo la Washington, akakuta wamisionari wakigonga milango ya watu wasiowajua, kwenye elfu anapatikana kama mmoja. Lakini mazungumzo yakifanyikia sebuleni kwa rafiki wa yule mtu ambaye tayari ni Mmormoni, nusu wanajiunga. Elfu kwa mmoja, na nusu kwa nusu. Yani watu hawaingii dini kwa hoja, wanaingia kwa sababu ya watu wanaowapenda, hoja wanazijifunza baadae wakishakaa.

Na huku kwetu hilo tunalijua bila takwimu. Uislamu wa pwani na wa mpaka Tabora na Ujiji haukuja na mtu wa kugonga milango, ulikuja na wafanyabiashara, na ndoa, na mtu kuishi na jirani miaka mpaka wanazikana. Bagamoyo kulikuwa na Sheikh Yahya, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria mpaka alipofariki 1931, na watu walimfuata kwa sababu walimuona maisha yake. Humohumo Bagamoyo mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika toka 1868, wakaanza na watumwa waliowakomboa, wakawapa mahali pa kuishi. Linganisha na Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, mkewe na mtoto wakafa mwaka uleule, akaenda Rabai, akatembea nchi yote ile akihubiri wageni njiani, mpaka anaondoka 1853 waliobatizwa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mtu jasiri kweli, na lugha yetu alituachia kazi kubwa, ila kuhubiri wageni ndo kulimpa hiyo faida.

Hata walokole wa mwanzo, ule uamsho uliotoka Gahini Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaingia Kagera na Kenya, wazee wa Bukoba wanasimulia kilichowatikisa watu sio mahubiri. Mtu alikuwa anakuja kwako na ng'ombe au na hela anakwambia hii nilikuibia mwaka fulani, nimeokoka, naomba radhi. Nani ataziba masikio? Jirani yako aliyekuibia anarudisha mwenyewe bila askari!

Sasa ukiniuliza kama wanajua hivyo kwa nini wasibaki na ndugu na majirani, mimi jibu langu ni kwamba mgeni ni rahisi. Hilo hawatakwambia wao. Kaka yako anajua deni lako, anajua ulivyokuwa unakunywa, anajua unavyomjibu mkeo, ukimuanzia habari za wokovu anakuangalia tu. Mke wa mjomba wangu alishawahi kumwambia mbele ya watu, baba fulani hiyo bayani nianzie mimi kwanza. Mgeni hana faili lako. Kwake unaanza upya, unasema imani yako yote kwa mdomo wako, na ukiisema mara mia inaanza kukuingia mwenyewe kwenye mifupa. Mimi naamini asilimia kubwa ya faida ya kugonga milango inabaki kwa mgongaji. Kijana wa miaka 19 anayekaa miaka miwili anafukuziwa mbwa na kufungiwa mageti kwa ajili ya dini yake, huyo huwezi kumtoa tena kwenye dini hiyo akirudi kwao. Sijui kama wakubwa wao walipanga hivyo, ila inafanya kazi.

Kwa hiyo pale msomaji wa Kimara anaposema wanatudharau mimi naona amekosea. Anayekudharau hapotezi nauli kuja kwako. Wengi wao wanaogopa, mikono inatetemeka, hasa vijana, naiona. Yule mama Shahidi anasema mpaka leo, miaka yote hiyo, kabla hajabisha hodi nyumba asiyoijua anaomba kwanza. Anakuja kulipa deni lake kwa Mungu wake na wewe ndo mahali pa kulipia siku hiyo, basi. Ukimwambia sitaki amelipa tayari.

Na marufuku haifanyi kitu, tusijidanganye. Hao Mashahidi hapa kwetu walipigwa marufuku 1965 wakaja kusajiliwa 1987, na Malawi ya Kamuzu Banda walipigwa marufuku 1967, wakakataa kununua kadi za chama, wakapigwa, wakachomewa nyumba, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Wapo, Malawi wapo na Tandika wapo. Corona ilipokuja wakaacha kugonga milango wenyewe kuanzia Machi 2020 mpaka Septemba 2022, wakakaa ndani wanaandika barua kwa watu wasiowajua na kupiga simu. Mtu anayeandika barua kwa mkono kwa mtu asiyemjua wewe utamzuia na kifungu gani? Na Katiba yetu ibara ya 19 inasema kazi ya kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Kueneza imo. Hiari nayo imo, na hiyo hiari ni ya pande zote mbili, na hapa ndo naingia kwenye ile nusu nayokubaliana nae.

Mlangoni kwako una mlango. Hapa kwangu nina sindano, nikizidiwa nageuza mashine inapiga kelele mtu anaelewa. Ila kwenye basi la mkoani, umelipa nauli yako, mnatoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, mtu anasimama katikati pale Bwana Yesu asifiwe, anahubiri mpaka Kibaha, mtoto wa watu amelala ameamshwa, mama wa Kiislamu amekaa na baibui lake ameinamisha kichwa, mgonjwa anatoka Muhimbili, na hakuna anayeweza kushuka. Hiyo hiari iko wapi? Alafu mwisho wake sasa, "wapendwa tumtegemeze mtumishi", inapita bahasha, na siku hizi anataja lipa namba. Huyo mimi simuweki kundi moja na yule mama Shahidi wala na watu wa khuruji, wale Tabligh wanaotoka, waliojilipia, na wala sisemi wote wa kwenye mabasi ni matapeli, kuna wengine wanaomba dua ya safari dakika mbili wanashuka na abiria wanasema amina, wa dini zote. Kipimo changu ni hicho tu, je anayehubiriwa anaweza kuondoka, na je anayehubiri anatoa au anakusanya.

Na spika. Kanisa la turubai linakesha na spika nne zimeelekezwa mtaani, na sisi nao tuna misikiti ambayo adhana ni dakika tatu ila kanda ya mawaidha inafunguliwa saa tisa usiku mpaka Alfajiri, tusijitoe. Hakuna mtu ameokoka au kusilimu kwa kunyimwa usingizi.

Kingine ambacho msomaji hakukigusa na mimi naona ndo hatari kuliko kugonga milango ni kuhubiri kwa kuponda. Hapa nirudi nyuma kidogo. Sheikh Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, ambaye kanda zake kila mtu wa umri wangu ameziona, yeye mwenyewe alikuwa anasimulia alikuwa kijana muuza duka karibu na Adams Mission kule Natal, na wanafunzi wa umisionari wakija kununua vitu wanamsumbua, Mtume wenu hivi, kitabu chenu vile, yeye hana jibu. Ikamchoma, akaanza kusoma Biblia kwa nia ya kujibu, na akaja kuwa mhadhiri wa kujadiliana na mapasta dunia nzima. Wale vijana walidhani wanamvuta Muislamu mmoja wa dukani, wakatengeneza Deedat! Na hapa kwetu miaka ya 1980 na 1990 ikaja mihadhara, Biblia mkononi upande huu na Qur'ani mkononi upande ule, viwanja vinajaa, watu wanacheka na kushangilia kama mpira, na ikafika mahali serikali inasema ni kashfa na wahadhiri wanasema ni haki yao, mpaka Februari 1998 pale msikiti wa Mwembechai hapa Dar watu wakafa kwa risasi. Mimi nilikuwa Dar wakati ule, sitaki kufungua kesi ile upya maana kila upande una yake na vidonda bado vipo. Ila nachojua sheria ya kukashifu dini iko palepale kwenye Kanuni ya Adhabu na aya ya Qur'ani iko palepale, An-Nahl 125, uwaite watu kwa hekima na mawaidha mema na ujadiliane nao kwa namna iliyo bora. Namna iliyo bora, sio namna ya kuchekesha kiwanja.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kimara, geti lako likigongwa Jumamosi usiite mjumbe. Fungua, sikiliza dakika moja kama unaweza, alafu sema asante mimi nina dini yangu, muwe na safari njema. Wataondoka, na wala hutawavunja moyo, walishapata walichokuja kupata. Kama hutaki kabisa warudi waambie Mashahidi hivyo kwa lugha ya heshima waandike, wana utaratibu wa kuandika nyumba zisizotaka kutembelewa, kwa jirani yangu mmoja waliandika na hawajamgongea tena. Nguvu zako peleka kwa wenye mabasi, waweke tangazo tu pale juu ya dereva, dua ya safari sawa, mahubiri na bahasha hapana, kondakta apewe ruhusa ya kumshusha mtu. Wakiliweka mimi nitakuwa wa kwanza kukata tiketi kwao nikienda Tabora kumuona mama, ambae nae akiniona tu kabla ya chai ataniuliza lini nitabatizwa.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam